Trekta ya Nyasi, na Kila Mmoja Amekula Kidogo

Nyumbani ukisema una trekta, watu wanakuvutia kiti. Wanaona Massey Ferguson, wanaona ekari, wanaona mtu wa kukopa. Huku Marekani trekta ni kifaa cha kukatia nyasi za uani, nyasi zisizo na ng'ombe wala mbuzi wa kuzila. Zinakatwa, zinaachwa zikauke palepale, Jumamosi ijayo zinakatwa tena. Ukizigomea wiki tatu, barua ya manispaa hiyo mlangoni. Basi mtu na akili zake anaenda kununua trekta kuukuu ya bustani, Cub Cadet ya enzi za International Harvester au Wheel Horse ya South Bend, Indiana, kwa sababu kaambiwa chuma cha zamani hakifi. Ni kweli hakifi. Yanayokufa ni mabega ya anayeshika usukani.

Unazungusha kushoto robo duara, matairi hayana habari. Unaongeza, bado yako kikaoni. Ghafla yanakubaliana kwa pamoja, na wewe huyo kwenye maua ya jirani. Hapo ushauri unamiminika bure: badilisha boksi ya stelingi, ile ya gia mwisho wa mti wa usukani! Kila mtu ni boksi, boksi, boksi. Boksi yenyewe ukiulizia bei yake unajiuliza kama trekta nzima imo ndani.

Jamani, usukani unaocheza ni kama hesabu za kamati ya harusi. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja amekula kidogo tu. Tundu la ekseli ya mbele limekula milimita mbili, kingi pini (pini ambayo gurudumu hugeukia likikata kona) moja, ncha ya tairodi (fito inayosukuma gurudumu likate kona) moja, nati ya mkono wa stelingi imelegea nusu. Ukijumlisha, ng'ombe mzima hayupo. Na katika kamati hiyo mwenyekiti ni boliti ya katikati ya ekseli, ile inayoishikilia kwenye fremu, lakini yeye hashukiwi, maana hana meno wala grisi mdomoni.

Kabla ya kumwaga pesa, pandisha mbele. Jeki ikae chini ya fremu, si chini ya ekseli, maana ekseli inatakiwa ining'inie ndipo iseme ukweli. Tia magogo, jeki ni ya kuinulia, si ya kuaminiwa. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Gurudumu likitikisika peke yake ni beringi. Likitikisika pamoja na mkono wake wote ni kingi pini. Kisha shika kushoto na kulia huku mtu ameshikilia usukani: hapo wanajitokeza tairodi na ukoo wake. Wenzetu wanasema saa 12 na saa 6, halafu saa 3 na saa 9. Bahati nzuri hata ukisoma saa Kiswahili, jozi ni zilezile, zinabadilishana viti tu.

Mwisho shika ekseli yenyewe kwa mikono miwili, ivute mbele na nyuma. Ikikusalimia kwa kishindo, umempata mwenyekiti.

Shida yake inaanzia dukani. Boliti ya asili ikipotea, mtu ananunua yoyote yenye unene uleule, yenye tredi hadi karibu na kichwa. Tredi ni tupa, ndugu yangu. Kila ekseli ikiyumba inapigwa msasa, na tundu la duara linakuwa yai. Unataka boliti ambayo sehemu yake laini inapita ekseli yote, tredi zianze nje kabisa. Kama tundu limeshakuwa yai, boliti mpya ni kumvisha mgonjwa suti. Tundu la inchi 3/4 lililotanuka linatobolewa hadi inchi 1, inaingizwa kwa kuteleza, si kwa kushindiliwa, bushi (kipande cha bomba) ya shaba ya ndani 3/4 na nje 1, yenye urefu uliozidi unene wa ekseli kwa nusu milimita hivi, ili nati ikikazwa ibane bushi, ekseli ibaki huru. Na keekee iwe ya kusimama mezani. Keekee ya mkononi itakupa yai lingine, kubwa kuliko la kwanza, tena limeinama.

Hapo ndipo watu wanakosea mara ya pili: wanakaza nati kama ya rimu. Ekseli hiyo kazi yake ni kuyumba. Ukiifunga, gurudumu moja likiingia shimoni lingine linapaa, na gurudumu lililopaa halikati kona, linapunga mkono. Kama hakuna bushi ya kubanwa, weka nati ya plastiki ndani, au ya mataji na splitpini, kaza hadi kishindo kiishe, simama hapo.

Na spana! Vitu vyote ni vya inchi, masanduku yetu ni ya milimita. Namba 19 inaingia kwenye 3/4 bila malalamiko. Namba 13 kwenye nusu inchi inakubali kwa shingo upande. Lakini 9/16 ni fitina tupu: 14 haiingii, 15 inaingia halafu inazunguka peke yake na kuondoka na pembe za nati.

Twende kingi pini. Watu wanapiga grisi kila mwezi na bado zimekauka, wanalaumu grisi. Trekta imekaa chini, uzito wote umelalia washa ya chini, grisi itapita wapi? Inatafuta upande ulio wazi, inatokea juu, unaifuta kwa kitambaa ukiridhika umefanya kazi. Inua mbele kwanza, gurudumu lining'inie, piga grisi huku mwenzako anazungusha usukani kushoto na kulia, mpaka itoke chini ikiwa safi. Ya kwanza itatoka nyeusi na mchanga ndani, hiyo ndiyo iliyokuwa inasaga chuma.

Ukiwa umeshafungua, ondoa washa za chini zilizolika, weka beringi ya kubeba uzito, ile bapa yenye sahani mbili na vijiti katikati, ya tundu sawa na pini yako. Usukani unakuwa mwepesi hadi unashuku kuna kitu kimekatika. Ila washa za zamani zitoke kweli. Ukiziacha na beringi juu yake, pini haifiki mahali pake na klipu ya juu haioni mfereji wake. Halafu mtu anaigonga na nyundo. Ekseli nyingi za Wheel Horse ni chuma cha kumimina. Chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka, tena bila kuaga. Za bamba la chuma ndizo zinazonyooshwa kwa jeki.

Tairodi za zamani ni fito zilizokunjwa ncha na kuchomekwa tunduni na splitpini. Zikilika hazina dawa. Mtindo wa sasa ni kukata fito, kuweka ncha za kibofu cha chuma, yaani gololi inayocheza ndani ya pete, upande mmoja tredi za kulia, mwingine za kushoto, ili ukizungusha fito irefuke au ifupike bila kuichomoa. Kwa tredi ya 3/8, kipande kilichoingia kisipungue inchi 5/8. Nati ya kufungia ncha zote mbili. Na juu ya kibofu weka washa pana kuliko mdomo wake, kwa sababu kikichoka kinachomoka, na washa ndiyo itakayokuzuia kuendesha trekta yenye nia mbili.

Kuna mafundi wa kupanua. Wanarefusha ekseli ili ikae kibabe, wanaacha mikono ya stelingi ileile, kisha wanashangaa matairi yanachuna nyasi kwenye kona. Fito ikiwa nyuma ya ekseli, mstari unaopita kingi pini na ncha ya mkono, ukiuvuta nyuma, wa kushoto na wa kulia ikutane karibu na katikati ya ekseli ya nyuma. Ndiyo inayolifanya tairi la ndani likate zaidi kuliko la nje. Wazo hilo linahesabiwa kuwa la Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa Munich, Ujerumani. Dunia nzima inaliita Ackermann, kwa sababu Ackermann ndiye wakala aliyesajili hataza Uingereza mwaka 1818. Dalali ni dalali tangu enzi za farasi.

Boksi sasa, maana najua bado unaiwaza. Ile ya Cub Cadet ina pini ya ncha iliyochongoka inayotembea kwenye mfereji wa msokoto. Inalika zaidi katikati, kwa sababu maisha yake yote ni kwenda mbele. Nyoosha matairi, yakiwa yameinuliwa, legeza nati ya nje, kaza skrubu mpaka usikie uzito mdogo tu, kisha zungusha hadi mwisho pande zote. Ikibana pembeni, rudisha kidogo, ukubali. Wanaolazimisha katikati iwe ngumu wanakwama kwenye kona ya kwanza, usoni pa ua.

Mwisho chaki. Weka alama katikati ya kila tairi mbele, kimo cha ekseli, pima. Sukuma trekta mpaka alama zifike nyuma, pima tena. Mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa inchi 1/8, yaani milimita 3. Ukipata kinyume umezungusha fito kwa upande wa shetani, rudi.

Na baada ya yote hayo, bushi mpya, beringi, tairodi, chaki magotini, trekta bado inavuta kushoto. Pima upepo. Tairi moja lina psi 14, lingine lina 6. Geji iko wapi? Iko kwenye gari. Na gari limekwenda sokoni na mama watoto.