Ufa wa jiko la chuma si wa kukimbilia kuchomelea

Fundi alimaliza kuuchomelea ufa wa jiko langu saa kumi jioni, akachukua hela yake, akaondoka. Kesho yake asubuhi, chai haijachemka, nikasikia "ta!" Ufa mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza, umepita kando kabisa ya mshono wake kana kwamba umeukwepa.

Jiko lenyewe ni la kuni, lile la chuma kizito lenye miguu minne, oveni ubavuni na dohani inayotoboa paa. Nililikuta kwenye nyumba ya zamani ninayopanga hapa Njombe, na mtu ambaye hajawahi kuamka huku mwezi wa Julai asinicheke kwa kulipenda. Ufa wa kwanza niliuleta mwenyewe: birika lilifurika, maji ya baridi ya kuongezea yakamwagikia bamba la juu likiwa limeshika moto sawasawa.

Kosa letu ni kulichukulia jiko hili kama geti. Chuma cha geti kinapinda na kuvutika, unakichomelea, maisha yanaendelea. Jiko ni chuma cha kusubu, ambacho mafundi wengi wanakiita kasti. Kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, na kina kaboni nyingi, kama asilimia 2 hadi 4. Kaboni hiyo inakisaidia kumiminika vizuri, lakini ndiyo pia inayokinyima uwezo wa kuvutika. Ukikipasha mahali pamoja ghafla, pale penye moto panataka kutanuka na pa jirani panagoma. Rodi ya kawaida ya kuchomelea inafanya hivyohivyo: inayeyusha sehemu ndogo huku pande zote zimepoa, kisha inaacha kando ya mshono mstari mgumu unaovunjika kama kioo. Hapo ndipo ufa wangu wa pili ulipopita.

Kinachomeleka, sikatai. Lakini zinatakiwa rodi za nikeli, kipande chote kipashwe moto kwanza, halafu kizikwe kwenye majivu au mchanga mkavu kipoe polepole, hata usiku kucha. Fundi akikwambia "dakika kumi tu, bosi", mpe chai aende zake.

Tena mara nyingi hata hahitajiki. Mabamba ya ndani yanayozunguka moto, pamoja na wavu unaobeba kuni, yamewekwa ili yaumie yenyewe mwili wa jiko upone. Yakipasuka unabadilisha. La kwangu la ubavuni nilikatiwa kwenye pleti ya milimita 6. Linapinda kidogo kwa joto, lakini halipasuki. Ule ufa wa juu niliutoboa kitundu kidogo kwenye ncha kwa drili ili usitembee, nikaujaza saruji maalumu ya majiko inayostahimili moto. Saruji ya kujengea itapukutika, usijisumbue. Methali ya ufa na ukuta mnaijua. Aliyeitunga hakuwa na jiko la kasti mawazoni.

Nisiouchezea ni ufa wa mwili wa nje. Usiku, jiko likiwa baridi, zima taa, weka tochi ndani uone mwanga unatokea wapi. Baadaye washa moto, pitisha kijiti cha udi karibu na ufa. Moshi wake ukisukumwa nje, jiko linapumulia chumbani. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huku kwetu kwa baridi tunafunga mpaka tundu la mwisho la dirisha. Jiko hilo lisiwashwe tena mpaka litengenezwe. Moshi wa udi ukivutwa ndani, usishangilie bado. Hewa hiyo ya wizi inazichochea kuni kuliko ulivyotaka, na kuni za miwati zina moto mkali. Bamba linakuwa jekundu, na nyufa zinaongezeka. Isitoshe, alfajiri makaa yakififia dohani inapoa na kuacha kuvuta. Ufa ulionyonya hewa saa mbili usiku unaweza kutema moshi saa kumi.

Mwenye nyumba, mzee wa watu, haamini haya yote. Wiki iliyopita alileta wanunuzi wa chuma chakavu na mizani yao. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, nikawasha moto, nikawapikia chai. Walikunywa vikombe viwili viwili wamelizunguka, mikono imenyooshwa juu ya bamba, halafu wakabeba mizani yao wakaenda.