Hela Yangu Imekwenda Kutetemeka Lushoto

Mimi nina swali kwa hawa wanaojiita watalii wa ndani. Mtu ana nyumba yake Ng'ambo hapa Tabora, ana mwembe uani, chini ya mwembe ana kiti, kivuli kipo bure tangu saa nne asubuhi mpaka magharibi. Halafu huyo mtu anatoka hapo, anaendesha gari karibu kilomita elfu moja, kwenda kulipia baridi. Karogwa na nani?

Aliyeniroga mimi namjua, nalala naye. Mama Shija ni mwalimu, na shule zilipofungwa mwezi wa sita, mwalimu mwenzake akatupia picha kwenye kundi lao: yuko Lushoto, kavaa sweta, kashika kikombe kwa mikono miwili, nyuma ukungu. Basi. Kuanzia siku hiyo nikiuliza chumvi iko wapi, najibiwa wenzetu wako Lushoto. Nikikohoa, wenzetu wanapata hewa safi Lushoto.

Nilijitetea, msidhani nilikubali kirahisi. Nikamwambia Bwawa la Igombe liko hapo tu, twende na mkeka na samaki wetu, jioni tuko nyumbani. Akasema maji ya Igombe ameyaoga maisha yake yote, hana haja ya kwenda kuyasalimia. Nikamtajia tembe la Livingstone pale Kwihara, watu wanavuka bahari kuja kuliona. Akaniuliza, "Wewe Baba Shija, ulishaingia?" Nikabadilisha njia, nikaleta Kigoma: tunapanda treni, tunaliona Ziwa Tanganyika, tunakula migebuka, tunafika mpaka Ujiji. Akasema Kigoma kuna joto, halafu kuna dada yako.

Hapo hoja zikaniishia.

Sasa safari ya watu wawili, mimi nilijua begi moja. Kumbe begi ni la nguo zake za kupigia picha tu. Kuna begi la masweta ya kuazima, kuna kapu la kuku wa kukaanga, kuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya njiani, na kuna dumu la asali la lita tano. Asali ya nani? "Huwezi kwenda ugenini mikono mitupu." Ugenini tunakokwenda ni gesti, Mama Shija! Tunalipa! Asali ikapanda mbele, miguuni kwake. Begi langu, lenye suruali mbili na koti la marehemu baba, likaenda kukandamizwa chini ya tairi la akiba.

Tukatoka alfajiri. Nyahua, Chaya, Itigi, sina neno, siku hizi ni lami, na anayekumbuka kipande kile enzi za vumbi na tope atanyamaza ashukuru. Shida ni kwamba Mama Shija barabarani hasomi kitu kingine ila kibao cha 50. Anakiona kabla hakijaonekana. "Hamsini hiyo!" Kijiji kikiisha hatangazi. Kwa hiyo kuna mahali tumetembea hamsini porini, hakuna nyumba, hakuna mtu, malori yanatupita, dereva wa lori anageuza shingo kutuangalia kwa huruma.

Dodoma tukanunua zabibu. Kibaigwa nikakataza kushuka, maana pale kuna soko la mahindi na nilishaona macho yake. Gairo baridi ikaanza kunigusa kwenye viwiko, nikasema moyoni, onyo hilo. Usiku tukalala Morogoro. Asubuhi nafungua dirisha, nakuta milima ya Uluguru imesimama palepale, mikubwa, ya kijani, na mawingu kichwani. Nikamwita. "Mama Shija, ulitaka mlima. Huu hapa. Tuunywee chai, tugeuze." Hakunijibu. Alikuwa anafunga begi.

Chalinze, daraja la Wami, Segera, Korogwe, nyuma ya lori la mbao, sitaki hata kueleza. Nifike Mombo.

Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu inayokwenda Moshi na Arusha, ukaanza kupanda. Kutoka pale mpaka Lushoto mjini ni kilomita 33 hivi, na mtu wa Tabora akisikia 33 anahesabu nusu saa. Ndugu zangu, sisi kwetu kona ni kitu kinachotangazwa siku moja kabla. Kule kona inazaa kona. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hakuna kitu, kuna hewa na vilele vya miti ambayo mizizi yake iko chini huko sijui wapi. Masikio yakaziba. Mama Shija akaacha habari za hamsini, maana nilikuwa kwenye ishirini, akaanza kusoma dua kwa sauti, huku kanishika mkono ninaobadilishia gia. Ikitokea Coaster inateremka, konda ananing'inia mlangoni anacheka na abiria, tena ananipungia! Mimi jasho linanitiririka kwenye baridi.

Watu wote huniambia maporomoko ya Soni unayaona ukiwa barabarani. Mimi sijayaona. Nilikuwa naangalia lami.

Tukafika. Mji wenyewe mdogo, mzuri, sikatai, miti mirefu na majengo ya zamani ya Wajerumani, na watu wana adabu, kila mtoto anatoa shikamoo. Lakini hakuna sehemu bapa. Duka liko juu, gesti iko juu ya duka, na choo cha gesti kina ngazi. Hata kuegesha gari inabidi utafute jiwe la kuweka nyuma ya tairi.

Yule kijana wa kutembeza wageni tuliyempata akaanza historia. Kwamba Wajerumani waliupenda mji huu, wakauita Wilhelmstal, wakawa wanakimbilia huku kulikwepa joto la Tanga. Nikamwambia mdogo wangu, hao hao ndio walioleta reli Tabora mwaka 1912, nawaheshimu. Ila wao kwao ni baridi. Walipopanda huku walikuwa wanarudi nyumbani. Mimi Mnyamwezi narudi wapi? Babu zangu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, kwa miguu, na njia nzima sijasikia kwamba kuna aliyesema jamani tupandishe kidogo huko milimani tukatetemeke.

Akacheka, akaniambia Lushoto iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nami najua Tabora tuko kwenye 1,200. Kwa hiyo mita mia mbili tu ndizo zinazonitoa makamasi? Sikuamini. Nahisi kuna kitu kingine hawatuambii.

Maana baridi ya mwezi wa saba kule si ya kusimuliwa. Unalala na mablanketi matatu na bado pua inabaki nje inateseka peke yake. Nikauliza kama kuna maji ya moto. "Yapo baba, asubuhi." Asubuhi nikagongewa nikapewa ndoo. Kutoka mlangoni mpaka bafuni maji yakawa yameshaghairi. Mama Shija naye akakumbuka asali yake, akataka kumtilia mwenye gesti kidogo kwenye chupa. Anainamisha dumu, haitoki. Anainamisha tena, kimya. Asali ya Tabora, inayomwagika yenyewe ukiiangalia vibaya, imeganda kama mafuta ya mgando! Tukailaza dumu juani ukumbini, na jua lenyewe likatoka saa tano, likakaa kidogo, likaondoka.

Siku iliyofuata tukaambiwa twende Irente, ndiko kwenye mandhari. Nikachukua funguo za gari. Kijana akaziangalia funguo, akasema wageni huwa wanatembea, ndio utalii wenyewe. Nikauliza ni mbali? "Hapana baba, ni hapo tu." Nawaonya: hapo tu ya Msambaa ina vilima ndani yake. Tumetembea mpaka koti la marehemu nimelivua, nikalivaa, nikalivua. Katikati ya njia akatupita bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani, umri wa mama yangu, akatuamkia, akatuuliza habari za tulikotoka, akasikiliza majibu, akatuaga, akapotea kwenye kona ya juu. Mimi nilikuwa bado natafuta pumzi ya kuitikia salamu ya kwanza.

Kijana akatusimamisha kwenye kichaka kutuonyesha kinyonga. Si kinyonga cha kawaida, eti hiki kina pembe mbili puani na kinapatikana milima hiyo. Mama Shija, aliyesema anapenda mambo ya asili, alikuwa ameshafika nyuma yangu na kucha zake ziko begani kwangu. Kijana anasema Wazungu wanakaa hapo saa nzima wanakipiga picha. Kwetu kinyonga akionekana uani kuna watu wanahama chumba.

Tukalipa kiingilio, tukafika ukingoni. Ukungu. Mweupe, hakuna mbele wala chini. Mama Shija akasema nipige picha, nikampiga, akazituma kwa walimu wenzake palepale, na mmoja akajibu, "Hongereni, hospitali gani hiyo?"

Tukasubiri. Ukungu ukafunguka mara moja, na kweli, jamani, hapo nilinyamaza. Mwamba unakatika chini ya miguu yako, na huko chini kabisa kuna tambarare isiyo na mwisho, mashamba, bati za nyumba zinang'aa. Nikamuuliza kijana ule uzi mweusi unaopita katikati ni nini. Akasema ile ndiyo barabara kuu, pale ni Mazinde, ukifuata mkono huu unafika Mombo.

Mombo! Nimetoka huko juzi! Yaani nimelipa mafuta, nimelipa gesti, nimelipa kiingilio, ili nioneshwe mahali nilipokuwa. Na tambarare ninayo Tabora, ninayo kutoka mlangoni mpaka Sikonge! "Lakini kutoka juu inapendeza," akasema Mama Shija, na alikuwa anatabasamu kweli, sweta la kuazima limemkaa vizuri, sikutaka kuharibu.

Kurudi ndiko nilikokoma. Lushoto ni bustani, mboga zinazoshuka pale zinalisha Dar es Salaam, na Mama Shija akaona bei. Kabichi. Karoti. Hoho. Parachichi. Kila mkeka uliotandikwa kando ya njia mpaka Soni tulisimama. Nikamwambia kabichi zipo soko kuu Tabora. "Hizi za mlimani." Buti likajaa, kiti cha nyuma kikajaa, magunia yakazuia kioo, koti la marehemu likakosa pa kukaa ikabidi nilivae.

Tukaja hivyo hivyo mpaka karibu na Itigi, jua la utosi, askari akanyoosha mkono. Akazunguka gari. Akaangalia kabichi. Akaniangalia mimi, koti zito, jasho mpaka kwenye nyusi, asali imeshayeyuka na kuvuja kwenye zulia la gari.

"Mzee, mzigo wa biashara huu?"

"Hapana afande. Tumetoka kupumzika."

Akamwinamia Mama Shija dirishani athibitishe. Mama Shija akamkatia karoti.