Ulaya wanaota moto wa kuni, sisi tunaambiwa tuache: hii hoja ina uzito gani?

Kuna hoja inazunguka sana huku Mwanza tangu hizi kampeni za nishati safi zipambe moto, utaisikia mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, utaisikia kwenye daladala za Buhongwa, na kwenye magrupu ya wasap ndo usiseme. Inaenda hivi: mbona Ulaya baridi ikiingia watu wanawasha kuni hadi sebuleni na hakuna anayewasumbua, ila sisi tukichemsha maharage kwa kuni tunaambiwa tunamaliza misitu? Wengi wanaijibu kwa kuwadharau wanaoisema, na mi naona hapo wanakosea, maana ndani ya hiyo hoja kuna ukweli mwingi tu, ila pia kuna sehemu inapotea njia kabisa.

Ni kweli wanachoma, na wanachoma sana. Norway, Finland, Austria, Ujerumani, nyumba kibao zina jiko la kuni la chuma sebuleni kwa ajili ya kupasha nyumba joto, tena 2022 vita ya Ukraine ilivyopandisha bei ya gesi, Ujerumani kuni zikawa zinagombaniwa na bei ikapaa. Na kwenye hesabu za Umoja wa Ulaya kuni zinawekwa kundi la nishati jadidifu, kwa maelezo kwamba mti ukikatwa unaota mwingine unaovuta tena ile hewa ukaa. Kwaiyo anayemwambia mama wa Sengerema kwamba kuni ni ushamba, hana pa kusimamia.

Sasa angalia wanavyochoma. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, ukiutia motoni moto unatumia nguvu kuyachemsha hayo maji kwanza kabla haujakupa wewe joto, na ndo maana unatoka moshi mzito ule wa kukutoa machozi. Wenzetu wanapasua kuni mapema, wanazipanga sehemu yenye paa na pembeni pako wazi upepo upite, wanaziacha mwaka mzima hata miwili. Uingereza imefika mahali kule England tangu Mei 2021 vifurushi vya kuni vinavyouzwa lazima viwe na unyevu usiozidi asilimia 20, kisheria kabisa. Halafu jiko lenyewe lina mlango na lina bomba la kutoa moshi juu ya paa, jiko la kisasa linaweza kukupa asilimia 70 na zaidi ya joto lililomo kwenye kuni. Ila lile la ukutani lililo wazi, lile la kwenye muvi, joto jingi linapanda na bomba linapotea, ufanisi wake hauko mbali na mafiga yetu matatu. Na hata kwa haya yote bado kwao wanabishana, maana moshi wa majumbani Uingereza ni moja ya vyanzo vikubwa vya zile chembe ndogo zinazoingia hadi ndani ya mapafu.

Kwahiyo tofauti ya kwanza ni bomba. Moshi wa jiko la Oslo unatoka nje, wa kwetu unabaki jikoni na mama na mtoto aliyebebwa mgongoni, kila siku, miaka yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000. Hapa hoja ya "mbona Ulaya" haimsaidii mtu.

Na tukiongelea kuota moto, sisi huku winta hatuna, usiku wa baridi Mwanza kwa kawaida ni nyuzi kama 15, ila mvua zikikaza utakuta watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, na ndugu zetu wa Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba ndo kabisa. Jamani hili naomba nilisisitize, mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, unasinzia na huamki. Hakuna Mzungu anayeota moto bila bomba akaamka salama kwa sababu ni Mzungu.

Tuje kwenye misitu, hapa ndo pagumu, na sisi watu wa ziwa tuna historia yetu. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 50 na 60, akaja kujaa miaka ya 80. Kabla yake samaki kama furu na dagaa walianikwa juani wakakauka, kuni hazikuhitajika. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi, ukimwanika tu anaoza, kwaiyo akawa anakaushwa kwa moshi au anakaangwa, na miti ya pembeni mwa ziwa ikaanza kwenda. Udongo ukabaki wazi, mvua ikausukuma ziwani pamoja na mbolea yake. Hiyo ni kazi ya kuni, tusijidanganye.

Lakini jirani zetu Shinyanga walionyesha kinyume chake. Mkoa ulikuwa unaelekea jangwa, 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na badala ya kuja na maajabu wakarudi kwenye ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho lisiguswe hadi lipumzike. Maelfu kwa maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti, na watu wakapata malisho na kuni humohumo. Yaani inawezekana mtu akachoma kuni na miti ikaongezeka, ilimradi mti una mwenyewe na una zamu ya kukatwa.

Kitu ambacho sioni kikisemwa vya kutosha ni mkaa. Mtu akihama kijijini akaja Igoma au Nyakato anaacha kuni anaanza mkaa, anaona kapiga hatua, na kweli moshi umepungua. Ila kwenye tanuru la udongo kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo sita za kuni au zaidi, joto lingine lote limeishia porini. Kwa upande wa miti, mjini ndo tunakula zaidi kuliko yule bibi wa kijijini anayeokota matawi makavu, halafu lawama tunampelekea yeye.

Serikali ilizipa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku hadi mwisho wa Januari 2024 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kwa shule, magereza na nyumba za mjini naunga mkono mia kwa mia. Tatizo la gesi ni kwamba mtungi unajazwa kwa mkupuo na mkaa unanunuliwa kwa kopo, mama ntilie anayepata hela kwa siku hawezi kushindana na hilo hata umpe mtungi wa kwanza bure, kwahiyo kama gesi ya kupimwa kwa mita, ile ya kulipa kidogokidogo, haitafika huku uswahilini na visiwani Ukerewe na Kome, hiyo 80 itabaki kwenye karatasi.

Na mwaloni gesi haijibu swali kabisa, samaki anahitaji moshi wenyewe. Pale nataka kuona majiko ya aina ya Chorkor, yalianzia Ghana, trei za wavu zinapangana juu kwa juu na moto mmoja unakausha samaki wengi kwa kuni chache, nataka kuni ziwe kavu, na nataka kila mwalo uwe na shamba lake la mijohoro, mti ambao ukiukata unachipua tena. Sangara anayeweza kuwa kayabo awekwe chumvi aanikwe. Pesa ya kampeni ingeanzia hapo, hoja ya Ulaya ingekosa wa kuisema.