Kinachotuchosha si ufeministi

Mwandishi mmoja anadai ufeministi, yaani kudai haki sawa kwa wanawake na wanaume, ndio unaowanyima wanawake raha. Sikubaliani naye hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema sonona huwapata wanawake kwa karibu asilimia 50 zaidi ya wanaume, na takwimu za Shirika la Kazi Duniani za 2018 zinaonyesha robo tatu ya kazi za malezi zisizolipwa zinafanywa na wanawake. Mimi nilirudi kazini mtoto ana miezi minne. Usiku mkono mmoja unanyonyesha, wa pili unakunja nguo, na mume wangu (mtu mwema kweli) ananiuliza soksi zake ziko wapi. Nililia bafuni, bomba nimelifungulia nisisikike. Nilipoanza kujiita mfeministi ndipo nilipopata kinywa cha kumwambia: nimechoka, shika mtoto. Akamshika.