Ofisi Nzima Tulikuwa User

Fundi aliyetuwekea Windows kwenye kompyuta za ofisi, pale Njiro, Arusha, hakuwa na muda wa kuuliza majina ya watu. Mashine nne, zote akaziandika User. Akalipwa chake, akapanda boda, akaenda zake. Revit, programu tunayochorea majengo, nayo ilipofunguliwa ikachukua jina hilohilo la Windows na kulifanya jina la mchoraji. Hivyo bosi akawa User, mimi User, dada anayeshughulika na samani na taa User, na chalii aliyekuja field kutoka chuoni naye User.

Tulikuwa tunachora loji ya Karatu: mapokezi, ukumbi wa chakula na vibanda vya wageni. Faili mama, lenye mradi mzima, lilikaa kwenye kompyuta ya pembeni tuliyoipa cheo cha seva. Sasa, faili mama huwa halichorwi moja kwa moja. Unalichagua, unaacha tiki kwenye kisanduku cha kutengeneza nakala mpya, programu inakuwekea nakala yako kwenye Documents, unachora humo, kisha unasawazisha na mama, yaani unapeleka mabadiliko yako na kuchukua ya wenzako. Ukigusa ukuta, umeuazima. Mwingine akitaka kuugusa anaambiwa asubiri, fulani anao. Ulinzi wote ndio huo, na umesimama juu ya jina tu. Programu haijui sura ya mtu. Watu wawili wenye jina moja, kwake ni mtu mmoja.

Kwa hiyo kwetu hakuna aliyewahi kuambiwa asubiri. Bosi akawa anajisifu kwa maakitekti wenzake kwamba vijana wake wana ushirikiano, hawagombanii kitu. Kweli mwanzoni mambo yalikwenda, kwa sababu kila mtu alikuwa na kona yake: chalii kwenye maegesho, dada kwenye vitanda, mimi na bosi kwenye majengo.

Dalili ya kwanza ilikuwa choo. Tulifika asubuhi, kibanda namba tatu hakina choo. Ukuta upo, mlango upo, choo hakuna. Bosi akatuita wote, akafungua historia ya faili, ile inayoonyesha nani alisawazisha na saa ngapi. User. User. User. Ukurasa mzima, User.

“Huyu User analipwa na nani?” akauliza.

“Na wewe, mzee,” chalii akajibu, kwa heshima zote.

Kwenye dirisha la kusawazisha kuna kisanduku cha maoni, na maoni hayo huonekana kwenye historia. Ukiandika maneno matatu tu, “nimehamisha choo 3”, unaokoa kikao kizima. Kwetu vyote vilikuwa vitupu, kesi ikafungwa kwa kukosa ushahidi.

Choo kilichorwa upya. Paa la ukumbi ndilo lililotutoa jasho. Mteja aliniambia kwenye simu anataka mabati, nikalaza paa hadi nyuzi 15. Bosi, kwenye laptopu yake, alikuwa kwenye paa lilelile akilisimamisha hadi nyuzi 45, maana mteja huyohuyo alimwambia yeye anataka nyasi, na nyasi ukizilaza zinavuja. Katika ofisi yenye majina, wa pili kati yetu angezuiwa pale tu alipoligusa. Sisi tulichora paa moja asubuhi nzima, kila mtu na raha zake. Mimi nikatangulia kusawazisha, nikakubaliwa. Bosi akafuata, akaambiwa nakala yake haipatani tena na faili mama.

“Haipatani na nani?” Alisimama kabisa. “Chalii! Niletee nakala inayopatana.”

Chalii ni mtiifu. Alichukua fleshi, akanakili ya kwake, akaenda kuibandika kwenye Documents ya bosi. Nakala ya Revit hupewa jina la faili mama, kistari cha chini, kisha jina la mtumiaji. Ya chalii ilikuwa Loji_User. Ya bosi ilikuwa Loji_User. Windows ikauliza kama ibadilishe iliyopo, chalii akakubali. Bosi akafungua na kukuta maegesho mazuri sana, yamepandwa miti mpaka getini, na ukumbi wa chakula usio na paa la aina yoyote.

Kilichookoa jahazi ni folda ya Loji_User_backup iliyokaa jirani na nakala hiyo. Chalii hakuigusa kwa sababu iliyomo ndani haieleweki. Ukienda Collaborate, halafu Restore Backup, ukaielekeza kwenye folda hiyo, inakupangia matoleo yaliyohifadhiwa kwa tarehe na saa. Usibonyeze Rollback, inafuta matoleo ya baada ya hapo. Bonyeza Save As, toa faili jipya. Tukalifungua pembeni ya nakala mpya ya mradi, tukanakili paa, tukalibandika kwa Aligned to Same Place likakaa mahali pake. Nyasi zikashinda. Mabati yangu hayakupewa hata mazishi.

Ijumaa jioni tukabatizana. Kila mtu alisawazisha kwa kutia tiki visanduku vyote vya kurudisha alivyoazima, akafunga. Faili mama tukalinakili pembeni, tahadhari. Kisha, bila mradi wowote kuwa wazi: Options, General, Username, kila mtu akaandika jina lake. (Ukiwa umeingia kwa akaunti ya Autodesk, wenye Revit, jina hutoka kwenye akaunti, ofisi inayochangia akaunti moja itarudi kuwa User kwa mlango wa nyuma.) Nakala za zamani tukazizika kwenye folda moja, kila mmoja akatengeneza mpya. Tukakubaliana nakala iwe mpya kila asubuhi, na tusisawazishe wote kwa pamoja dakika ya kwenda kula, maana faili mama hupokea mmoja mmoja na ugali unapoa.

Bosi alijiita Bosi. Jumatatu aliwahi kabla yetu, akarekebisha mambo mawili matatu jikoni kwa loji, akahifadhi kwake bila kusawazisha, akabeba laptopu na kuelekea Karatu. Saa nne dada akataka kusogeza mlango wa jiko. Akakataliwa: mlango anao Bosi. Tulikusanyika kuutazama huo ujumbe, ni wa kwanza kuuona. Dada akapendekeza ajiite Bosi kwenye mashine yake, aurudishe kwa jina hilo. Ingewezekana, ila kazi ya bosi isiyosawazishwa ndiyo ingeliwa. Chalii akapiga simu, mzee yuko karibu na Makuyuni, mtandao unakatakata.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Mlango wa jikoni, mzee. Umeondoka nao.”

“Mlango wa jikoni umefanyaje?”

“Haupo, mzee, unao w—”

Simu ikakatika. Haikupita nusu saa mke wa bosi akapiga ofisini, anataka kujua ni nani anayeeneza habari kwamba mlango wake wa jikoni umeibwa. Chalii ndiye aliyepokea.

“Shikamoo mama. Haujaibwa. Mzee kauazima tu.”