Semina ya mikoko ndani ya hoteli, kwani Mida imehama?

Mimi nasema waziwazi, hizi semina za mazingira za walimu huku kwetu Kilifi zitolewe kwenye kumbi za hoteli zipelekwe msituni na mikokoni, na wa kufundisha wawe watu wa hapohapo, na walipwe. Basi.

Manake ilivyo sasa mwalimu anakalishwa kwenye AC, projekta inawaka, anaonyeshwa picha ya mikoko ya nchi sijui gani, chai na sambusa, tisheti, cheti, kwaheri. Jumatatu anachora mti ubaoni na watoto wananakili. Na Mida Creek, hori ya bahari iliyojaa mikoko, iko hapo karibu na Watamu, matatu moja tu!

Mpeleke Mida huyo mwalimu. Avunje jani la mchu, aina moja ya mikoko, aliguse na ulimi aonje chumvi, mti wenyewe unaitoa kupitia majani, ukiangalia vizuri unaiona chembechembe juu ya jani. Aone vile vijiti vilivyochomoza kwenye tope kuuzunguka mti, ni mizizi inayovuta hewa. Aone mbegu ya mkoko inavyoota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, ikidondoka inajichoma topeni maisha yanaanza. Hapo hahitaji flipchati, atasimulia mpaka astaafu.

Halafu kuna hili la bundi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa bundi ni uchuro, na mwalimu naye ni mtoto wa mtu, amelelewa hivyohivyo. Sasa ndani ya Arabuko-Sokoke kuna bundi mdogo sana, bundi wa Sokoke, ambaye ukimtoa msitu huu labda umtafute Dakatcha hapa Kilifi au kule Usambara Mashariki Tanzania, kwengine huna bahati. Mchana wanalala wawili wawili kwenye kichaka, chini tu, na waongozaji wa pale wanajua kichaka kipi. Mtu akishasimama pale akawaona wamebanana wanasinzia, ule woga unapungua wenyewe, slaidi haiwezi kazi hiyo hata siku moja.

Na wataalamu tunao jamani. Pale Gede mradi wa Kipepeo upo tangu 1993, wakulima wanafuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga, muulize mama yeyote anayefuga atakwambia kiwavi gani anakula jani gani na atageuka lini. Kuna vijana wanaohesabu ndege na kutuma orodha kwa simu kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya, bure kabisa, kwa kupenda tu. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, nao tangu 2001 wana mpango wa ASSETS, mtalii analipa kiingilio cha lile daraja la mbao la Mida, pesa zinasaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu. Kwa hiyo kuna wazazi ambao msitu umeshawalipia karo, hawa huhitaji kuwahubiria.

Kinachoniudhi ni hili neno kujitolea. Mtoa mada akitoka mjini ana posho na chumba cha kulala, mvuvi aliyewatembeza walimu jua kali anaambiwa asante mzee, umejitolea. Kajitolea saa ngapi? Kijana anayehesabu ndege kwa raha zake sawa, lakini ukishamwita mtu aje afundishe hiyo ni kazi.

Najua wapo watakaosema oo watoto ni hatari, oo basi la shule, ruhusa ya wazazi. Sijasema watoto, nimesema walimu, watu wazima wenye miguu yao, watoto watafuata baadaye.

Na tafadhali msipange tarehe kwa kalenda ya ofisi. Kuna watu waliletwa mikokoni saa nne asubuhi siku za maji mafu, yale yasiyokupwa sana, tope lote limefunikwa, wakaishia kupiga selfi. Wangeuliza mvuvi yeyote angewaambia wasubiri bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mpevu au mwezi mchanga, hapo saa nne saa tano asubuhi maji yamekupwa mbali na kila kitu kiko nje.