Filamu ya Kwetu Isikike Kwanza

Ukiwaonesha watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar filamu iliyopigwa Mji Mkongwe, dakika 10 za mwanzo zihesabu zimekwenda. Hakuna anayefuata kisa. Watu wanataja milango. "Hapo Hurumzi." "Wee, Kiponda hiyo, huoni ile baraza ya pembeni?" Mhusika mkuu keshafiwa, keshapokea barua, keshapanda boti, na watazamaji bado wanabishania kona. Mtengenezaji aliyeliweka jambo zito la kisa ndani ya dakika hizo amelitupa baharini, na kosa ni lake, si la waliokaa kwenye mikeka.

Wakishautambua mji, wanaanza kuukagua. Mtu anaingia kichochoro cha Sokomuhogo, hatua nne tu katokea Malindi, upande mwengine wa mji. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, ikionekana nzima, kila mtu anajua picha ilipigwa kabla ya tarehe 25 Disemba 2020, siku sehemu ya jengo ilipoporomoka, hata kama kisa kinadai ni cha mwaka jana. Na jua! Mji Mkongwe uko magharibi ya Unguja. Pale Forodhani jua linazama baharini, halichomozi. Filamu ikileta "alfajiri" jua likiwa juu ya maji ya Shangani, hadhira nzima inaangua kicheko mahali ambapo mwongozaji alitaka watu walie.

Maji ndiyo yanayoumbua zaidi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri, na tofauti ya kina inafika mita 4 hivi. Kikosi kikianza onesho la wakulima wa mwani Jambiani asubuhi, mchanga mkavu mpaka mbali, wakenda kula na kurudi saa 9 kumalizia maneno ya mwisho, pale waliposimama wachezaji pana maji ya kifua. Basi wanasogea juu ufukweni na kuomba Mungu pasiwe na atakayegundua. Kila mwenye shangazi anayelima mwani anagundua. Kungoja kesho saa ile ile nako hakutoshi, kwa sababu maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Onesho la saa 4 leo ni la saa 5 kasorobo kesho, na kivuli cha mtu kimeshabadilika. Jedwali la maji linapatikana bure na mvuvi yeyote analo kichwani. Aliyepanga ratiba bila kuliuliza hilo hakukosa pesa, alikosa adabu ya mahali.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya haya mimi naisamehe. Filamu ya pesa za mfukoni haiwezi kufunga barabara ya Gizenga kwa siku nzima. Inatafuta kichochoro kisicho na watalii saa 12 asubuhi, inakiunganisha na kingine, na huo ndio ufundi wenyewe. Mtaa tunaujua, tunaupita kila siku, hatukuja kuuona. Tumekuja kujisikia. Na hapo ndipo filamu nyingi za kwetu zinapoanguka mara mbili: mara ya kwanza wakati wa kurekodi, mara ya pili usiku wa kuonesha.

Tuanze na kurekodi. Mama wa nyumba ya Mkunazini anamwambia mwanawe awahi "shule". Hapa mtoto anakwenda skuli. Mchezaji anasema selasini badala ya thelathini, zahabu badala ya dhahabu, gali badala ya ghali, na kila moja inamtoa mtu ndani ya kisa kuliko jua kumi zilizochomoza Forodhani. Mpemba akitiwa kwenye kisa ndiyo balaa: anapandishiwa sauti, anabandikwa "kuno" kila baada ya maneno matatu, na ati hiyo ndiyo Pemba. Mtu wa Wete haoni cha kumchekesha hapo. Dawa yake haina gharama kubwa. Muswada usomwe kwa sauti mbele ya mtu wa mahali penyewe, mzima wote, wiki mbili kabla ya kamera kuwashwa. Kisha siku za kurekodi awepo mtu mmoja mwenye hedifoni ambaye kazi yake ni matamshi tu. Asiwe mwongozaji, kwa sababu mwongozaji anatazama uso.

Kanga nayo ni kauli, ingawa watu wa mavazi huichukulia kama rangi. Msichana wa kwenye filamu anampelekea mkwewe chai, kajifunga kanga yenye jina la kijembe kwa mke mwenza. Kamera inamfuata kwa nyuma, maandishi yamejaa kioo kizima. Wanawake wote walioko uwanjani wameshayasoma kabla hajafungua mdomo, na sasa wanangoja ugomvi ambao hauji. Nusu saa baadaye bado wanaungoja.

Halafu kuna sauti ya mahali. Mji Mkongwe una kunguru, wale walioletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na hawanyamazi. Una muuza kahawa anayegonganisha vikombe, una Vespa inayopiga honi kabla ya kona. Fundi wa sauti huvifuta vyote kwa sababu vinaharibu maneno, kisha anajaza pengo kwa ndege wa kwenye maktaba ya sauti, ndege ambaye hajapata kutua Unguja. Kuvifuta ni sawa, maneno lazima yasikike. Lakini kila mahali papigwapo pasiondoke kikosi bila kurekodi walau dakika moja ya ukimya, watu wote wamesimama kimya, saa ile ile ya onesho. Dakika hiyo ndiyo inayotandikwa chini ya maneno baadaye. Asiyeirekodi huishia na sauti inayokatika kila kamera inapobadilika: kunguru yupo, hayupo, yupo. Vivyo hivyo adhana. Wengi hupachika ya mtandaoni, tena adhuhuri, ilhali kivuli cha mnazi kimelala kirefu mchangani. Saa ya adhuhuri kivuli kiko miguuni.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Zamani palikuwa na Majestic ya Vuga, Empire, Cine Afrique, nyumba za sinema zilizojengwa ili sauti igonge ukuta na kurudi. Leo tunaonesha nje: Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likifanyika tangu 1998, au uwanja wa mpira Micheweni, Pemba, au mbele ya skuli. Nje hakuna ukuta wa kuisaidia sauti. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli 6, kwa hiyo watoto walioko mita 5 mbele wanazibwa masikio na wazee walioko mita 20 nyuma hawaambulii kitu. Waandaaji wakiona hivyo huongeza sauti, na mbele kunazidi kuwa jahanamu. Kinachotakiwa ni kuinua spika mpaka mita 2.5 juu na kuziinamisha zitazame mkeka wa mwisho. Hapo umbali wa walio mbele na walio nyuma unakaribiana kidogo.

Ipo hitilafu moja inayojirudia mno, nayo huonekana kama uchawi. Muziki unasikika vizuri, milango inagonga, bahari inavuma, lakini wachezaji wanafumbua midomo bila sauti. Watu wanadhani filamu mbovu. Filamu haina kasoro. Faili lililoletwa ni la chaneli 6, yaani njia 6 za sauti, lile la sinema, ambamo maneno yamewekwa chaneli ya katikati peke yake, na miksa ya uwanjani, mtambo wa kuchanganya sauti, imechukua kushoto na kulia tu. Maneno yamebaki ndani ya kompyuta. Omba mapema nakala ya chaneli 2, na ukiwa huna, iambie programu ya kuchezea ichanganye zote kuwa mbili kabla hazijatoka.

Jengine ni mdomo kutangulia sauti. Sauti inakwenda kama mita 346 kwa sekunde katika joto letu, na fremu moja ya filamu ni sehemu 1 ya 24 ya sekunde, maana yake kila mita 14 sauti inachelewa fremu moja. Mtu wa mita 14 hajali. Mtu wa mita 40 anaona karibu fremu 3, na hapo mchezaji wa kwetu anaonekana kama katiwa sauti ya mtu mwengine. Usimkalishe mtu zaidi ya mita 25. Ukilazimika, weka spika za pili katikati ya watu, lakini zicheleweshwe: zikiwa mita 20 mbele ya zile za kwanza, chelewesho ni milisekunde 58. Spika za pili zisizocheleweshwa huzaa mwangwi, na mwangwi unakula maneno kuliko umbali.

Jaribio langu la sauti ni hili. Tafuta onesho ambalo mtu ananong'ona, ulicheze, nenda kasimame mkeka wa mwisho. Ukikosa neno, bado. Na ongeza kidogo, kwa sababu uwanja mtupu si uwanja wenye watoto 200.

Picha haina makuu. Projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 za kweli kwenye kioo cha upana wa mita 6 na urefu wa mita 3.4 inatoa mwanga wa kiwango cha jumba la sinema, ilimradi giza liwe giza. Taa ya barabarani ikiwa karibu, punguza kioo mpaka mita 4, usiazime projekta kubwa. Kwa lenzi ya kawaida ya 1.5 kwa 1, na kioo cha mita 6, projekta itakaa mita 9 kutoka kwenye kitambaa. Ikiwa ilikuwa imelala chumba chenye kiyoyozi, itoe nusu saa kabla, la sivyo lenzi inatoka jasho na picha nzima inakuwa ukungu. Faili la dakika 90 la megabiti 20 kwa sekunde ni kama gigabaiti 13.5, na flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Hilo huvumbuliwa saa 1 usiku, kila mara.

Kitambaa: bafta mbili zilizoshonwa pamoja, na nguo nyeusi nyuma yake, kwani bafta peke yake inapitisha mwanga na walioko nyuma wanaona mji wao kinyume, Forodhani upande wa Darajani. (Ndiyo, bafta ni nguo ya sanda pia. Watu watatania, waache.) Kinachotisha ni upepo. Kioo cha mita za mraba 20 ni tanga. Kusi ikivuma mita 10 kwa sekunde, kinasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 150, na vijiti viwili vilivyochimbiwa mchangani havina ubavu huo. Funga kwenye ukuta, au kwenye minazi miwili yenye kamba za nanga kila upande, na chini pawe na mifuko ya mchanga. Kama kuna ukuta laini uliopakwa chokaa, achana na kitambaa kabisa.

Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari, na wenye umri wanakumbuka giza la 2008 na lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009. Hata ukatikaji wa dakika mbili una madhara: projekta ya balbu ikizimika ghafla, feni yake inasimama balbu ikiwa moto, na mara nyingi haiwaki tena mpaka ipoe kwa dakika kadhaa. Betri ndogo ya akiba kwa projekta na kompyuta inatosha kuvuka. Jenereta ya kVA 3 iwe mita 50 mbali, nyuma ya nyumba, upande ambao upepo unaupeleka mlio wake mbali na watu. Ni jambo la kawaida kuona watu wakiiweka nyuma ya kioo "ili waya usiwe mrefu". Hapo umelipa msanii wa sauti bure.

Vibali ni sheha kwanza, yaani kiongozi wa mtaa, kisha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, ambalo lazima liione filamu kabla ya watu. Anza wiki kadhaa mapema. Saa ya kuanza ni 2 na nusu usiku, isha ishasaliwa popote mwaka uliposimama. Na nakala iwe isiyo na tafsiri ya Kiingereza chini. Yale maandishi hutoka kabla mchezaji hajamaliza sentensi, wanaoyasoma wanacheka mapema, na kicheko chao kinafunika neno lenyewe la Kiswahili ambalo ndilo lililotuleta.

Fundi mitambo aambiwe jambo moja zaidi: majina ya mwisho yasikatwe. Kwengine watu husimama majina yakianza. Hapa ndipo wanapokaa vizuri, kwa sababu nusu ya waliopita nyuma ya kamera na mbele yake wako uwanjani na mama zao. Kwenye kioo cha mita 6, herufi ya pikseli 20 ina kimo cha sentimita 6, na mtu wa mita 20 anaisoma kwa taabu. Weka 32, ipate sentimita 10. Punguza mwendo. Na tahajia ipitiwe na mtu wa hapa, maana Mwanaidi aliyeandikwa "Mwanahidi" hatakuja kwenye filamu yako ya pili, na hatakuazima tena ukumbi wake wa kuvalia wachezaji.